Mzee Erinayo Khisa, Aliyetunza Vyombo vya Muziki Kilimani

Siku ya Jumamosi, tarehe 2 Machi 1974, katika chumba kikubwa cha idara ya muziki pale Chuo Kikuu, walikuwepo Dokta Opoka, mkuu wa idara, wanafunzi wanne wa mwaka wa mwisho, mmoja wao akiwa binti Apio, Bwana Onen wa ofisi ya ununuzi, Sajenti Marjan wa bendi ya jeshi, aliyekuja siku hiyo bila sare, Mama Rukiah, jirani yetu wa hapa Nateete, Mama Akoth, mke wa marehemu, Santa, mke wa mwanawe, akiwa na mtoto Amito mgongoni, na marehemu mwenyewe, ameketi kando ya mashine ya kurekodi, kiganja kikiwa juu ya kifuniko chake kama mtu anayempima mtoto homa. Familia imeona iwataje hao kabla ya kutaja mahali alipozaliwa, kwa sababu kila marehemu alipoulizwa amefanya nini miaka yote hii hapa Kampala, alianza kwa kuwataja watu hao, mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi aliishia hapo.

Marehemu Mzee Erinayo Khisa alizaliwa tarehe 14 Agosti 1921, karibu na Kimilili, nchini Kenya, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Wanyama na Mama Nasimiyu, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Baba yake alikuwa mpigaji wa litungu, lile zeze la nyuzi saba, akialikwa kwenye arusi za karibu na za mbali, na kazi ya kwanza aliyopewa marehemu katika maisha yake ilikuwa kulilinda litungu hilo lisinyeshewe na mvua na lisikaliwe na wageni waliokwisha kulewa, kazi aliyoifanya vizuri, ila mara moja tu, alipolala usingizi, na mgeni mmoja mnene akakosea kiti.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1930 hadi mwaka 1936, akamaliza darasa la sita, na huko ndiko alikofundishwa kupuliza tarumbeta, ingawa alisema mwenyewe kwamba walimu walimpenda zaidi kwa kulisafisha kuliko kwa kulipuliza. Baba yake alipofariki alibaki nyumbani kulima pamoja na mama yake, kisha mwaka 1941 akajiunga na jeshi la KAR, ambalo wazee wetu waliliita Keya, akawekwa upande wa simu na redio, akapelekwa mpaka Burma, na akarudi mwaka 1946 akiwa mzima wa mwili, anajua kuunganisha nyaya gizani, na hapendi tena kelele za ghafla.

Tarehe 3 Februari 1947 aliingia Kampala kwa treni, akapata kazi katika duka la redio na gramafoni la Bwana Ratilal, akafanya kazi hapo kwa muda wa miaka ishirini na minne, wakila chakula cha mchana meza moja, kila mmoja na chakula chake, kila mmoja akimsikitikia mwenzake kwa anachokula. Idara ya muziki ilipotafuta mtu wa kutunza vyombo vyake na kuvitengeneza, ni Bwana Ratilal mwenyewe aliyekwenda kumsemea, akasema, "Nawapa mkono wangu wa kulia, mnirudishie ukichoka," na marehemu akaanza kazi ya Chuo Kikuu tarehe 1 Julai 1971.

Marehemu alifunga ndoa na Mama Akoth tarehe 8 Desemba 1951, kanisani Mengo, baada ya kumwona sokoni Nateete akiuza samaki wakavu na kununua samaki wengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Yeye alikuwa Mluhya na bibi arusi Mjaluo, hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake kwanza, kwa hiyo nyumba yao ikawa nyumba ya Kiswahili, na ndiyo sababu historia hii inasomwa kwa Kiswahili, ambacho ninyi nyote, Waganda, Waacholi, Wanubi na ndugu kutoka Kenya, mnakisikia. Mungu aliwajalia watoto watatu, Wanyama, aliyezaliwa mwaka 1952, Adero, aliyezaliwa mwaka 1956, na Nekesa, aliyezaliwa mwaka 1960, na wajukuu wanne, wa kwanza wao akiwa Amito.

Kuhusu kazi yake pale kilimani, Chuo Kikuu, wengi mnaijua, lakini si wote mnajua ilivyokuwa ngumu. Bwana Ratilal aliondoka nchini mwishoni mwa mwaka 1972, kama walivyoondoka Wahindi wenzake, na siku ya kuondoka, akiwa na sanduku moja, alipita kwanza idarani akamwachia marehemu katoni ya mipira ya kuzungushia mashine, fyuzi na sindano za gramafoni, akamwambia, "Zitunze, hutaona nyingine." Marehemu hakuzitunza. Alitengeneza kwazo spika ya kanisa, spika ya msikiti wa jirani na redio za wodi ya wagonjwa, na mwaka 1973 ulipokwisha katoni ilikuwa tupu, Mama Akoth akaihifadhia vitunguu.

Kuanzia hapo kazi yake ikawa kuomba. Piano ilihitaji nyuzi, ngoma zilihitaji ngozi, na amadinda, zile mbao za Buganda zinazopigwa zikiwa zimelazwa juu ya mashina mawili ya migomba, zilihitaji mashina mapya kila yale ya zamani yalipolainika. Bwana Onen wa ofisi ya ununuzi, aliye hapa leo na ambaye atatusamehe, alipoletewa maombi ya mashina ya migomba mara ya kwanza alivua miwani akasema, "Mzee Khisa, ofisi hii inanunua vifaa vya masomo, hainunui shamba," na marehemu akamjibu, "Basi, bwana, ninunulie hewa ya tarumbeta, maana hiyo nayo imekwisha." Walicheka wote wawili, mashina hayakununuliwa, lakini Mama Rukiah aliposikia alianza kumwekea mashina ya shamba lake kila alipokata mkungu, na Bwana Onen, bila kuambiwa na mtu, akawa anayapakia kwenye gari la ofisi yake na kuyafikisha idarani.

Marehemu alikuwa na sheria moja, na kila aliyewahi kuazima kitu kwake anaijua, kwamba chombo hakitoki hakijapigwa, na hakiingii hakijapigwa. Mwenye kuazima ngoma aliipiga kidogo mbele yake, mwenye kuazima tarumbeta alilipuliza, ili wote wawili wasikie kwamba kimetoka kizima, na siku ya kurudisha ilikuwa vilevile, na hakumwachia mtu yeyote, hata Dokta Opoka, aliyelazimika kupiga manyanga mlangoni mbele ya wageni wake kutoka wizarani. Wanafunzi walimtania, "Mzee, siku gari la wagonjwa likija kukuchukua, utalipigisha honi kwanza," naye aliwaambia, "Na lisipolia, nitakwenda kwa miguu."

Mwezi Desemba 1973 habari mbaya ilifika idarani. Kila mwaka alikuwa akija mtahini kutoka nje ya nchi kuwasikiliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakipiga na kuimba, na bila yeye hakuna shahada. Mwaka huo alituma neno kwamba hataweza kuingia Uganda, ila mkirekodi mtihani kwenye tepu na kumpelekea Nairobi, atausikiliza na kutoa alama. Wakuu wa Chuo walisema wazi kwamba wanafunzi wa idara hiyo wasipotahiniwa, idara haitapokea wapya, na milango yake itafungwa. Mashine ya kurekodi ilikuwa moja tu, nzito, yenye umri wake, na roho ya idara nzima iliitegemea kama jiko la nyumba yenye moto mmoja.

Tarehe 21 Januari 1974 lori la jeshi lilisimama mbele ya idara, wakashuka wanajeshi watatu, mkubwa wao Sajenti Marjan, wakiwa na amri ya kuchukua mashine hiyo na spika mbili kwa ajili ya sherehe. Ilikuwa ile miaka ambayo mtu akitoka asubuhi watu wake walimsindikiza kwa macho mpaka kona, na hakuna aliyeuliza swali mbele ya lori, kwa hiyo waliokuwa barazani waliingia ndani na kuvuta milango polepole, marehemu akabaki mlangoni pa stoo peke yake.

"Mzee, mashine iko wapi? Leta haraka," alisema Sajenti Marjan.

"Ipo, afande. Lakini hapa chombo hakitoki hakijapigwa."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema sema neno lolote hapa kwenye maiki, afande, tusikie kama mashine inasikia."

Hapo marehemu, kama alivyosimulia, alisali moyoni Baba Yetu mpaka mwisho akaanza upya. Kisha Sajenti Marjan akainama, akashika maiki, na badala ya kusema akaimba, kwa Kinubi, wimbo mfupi ambao mama yake alimbembelezea. Marehemu akarudisha tepu nyuma, sauti ikatoka safi, na wale wanajeshi wawili wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta, "Sajenti! Kumbe wewe ni yaya wa watoto!" Sajenti naye akacheka, akaomba asikie tena, ndipo wakapakia mashine wakaondoka.

Wakati ule kitu kilichopanda lori hakikuwa na desturi ya kushuka, lakini tarehe 14 Februari Sajenti Marjan alirudi, peke yake, akaibeba mashine kwa mikono yake mwenyewe mpaka mlangoni pa stoo. Spika zililia vizuri, zikapokelewa. Mashine haikuzunguka. Ule mpira wa ndani unaozungusha magurudumu ya tepu ulikuwa umekatika kwa jua la siku nzima uwanjani. Marehemu akaijaribu, akaijaribu tena, kisha mazoea ya miaka mingi yakamtoka mdomoni kabla ya akili, akasema, "Haijapigwa, afande. Haiingii."

"Mzee, mimi nimerudisha. Mwingine angerudisha?"

"Hata hivyo haiingii."

Sajenti Marjan akamtazama, akaitazama mashine, akainyanyua tena, akairudisha kwenye lori, na lori likaondoka. Marehemu akafunga stoo, akaketi kula viazi vyake vya mchana, na kiazi cha kwanza kilikuwa bado mkononi alipotambua alichokifanya, kwamba mashine moja iliyobaki, mtihani ukiwa umekaribia, ilikuwa imerudishwa mpaka mlangoni kwake, naye ameikataa.

Dokta Opoka, ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, aliipandisha siku hiyo, akasema, "Mzee Khisa, ungeipokea hata ikiwa maiti! Tungeifufulia humu ndani. Sasa nani ataingia kambini kuiomba?" Marehemu akasema, "Aliyeikataa, Dokta." Jioni alimweleza Mama Akoth, na Mama Akoth akaacha mwiko ndani ya sufuria, akamwambia, "Baba Wanyama, mtu amekuja kukutendea wema, wewe umemfanyia mtihani?" Lakini usiku huo hakumlaumu tena, alimpigia pasi shati jeupe, akalitundika mlangoni, na sisi wa nyumbani tulijua maana yake, kwamba kesho anakwenda, na kwamba anayekwenda kule si lazima arudi.

Mama Rukiah ndiye aliyelitazama lile shati asubuhi akatikisa kichwa. Yeye ni mfumaji wa mikeka na vikapu, na wake za wanajeshi ni wateja wake wa siku nyingi. "Kaka Khisa, getini hupiti na sura hiyo ya Chuo Kikuu. Vua shati hilo, vaa la shamba, chukua mikeka hii begani. Leo wewe ni mbebaji wangu." Walipofika getini askari wa zamu aliuliza, "Huyu babu ni wa nini?" naye akajibu bila kupunguza mwendo, "Wa kubeba. Vijana wa siku hizi wakinibebea mikeka hawafiki nayo," na askari akacheka akawapisha, na marehemu akapita chini ya mikeka yake akiwa ameloa jasho, akimshukuru Mungu kwa mzigo mkubwa unaoficha uso.

Walipoulizia nyumba ya Sajenti Marjan waliukuta mlango wazi. Mashine ilikuwa juu ya meza ya chakula, imefunguliwa tumbo, sufuria za mke wake zimesukumwa pembeni, na ukutani, kwenye msumari, zilining'inia pete za mpira zilizokatwa kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, nene na nyembamba, kama bangili za dukani. Sajenti alisimama alipomwona, na kabla marehemu hajafungua kinywa akasema kwa haraka, kama mwanafunzi aliyechelewa, "Mzee, bado haijapigwa. Nilitaka nikuletee ikiwa inaimba."

Marehemu alikuwa amejiandalia maneno ya kuomba tangu Nateete, na yote yakampotea. Alishusha mikeka chini, akasema, "Nimekuja kukuomba radhi, afande."

"Afande yuko kazini. Hapa mimi ni Marjan. Kaa, shika taa."

Walifanya kazi mchana wote, na kila pete waliyoiweka ilikuwa na upande mnene na upande mwembamba, ikazunguka kidogo, ikaruka, mpaka Mama Rukiah, aliyekuwa akinywa chai na mke wa Sajenti, alipochoka kuwatazama. Alichukua wembe na kipande cha tyubu, na kwa mkono uliozoea kupasua ukindu sawasawa tangu utoto akakata pete moja, nyembamba, iliyo sawa pande zote, akawarushia, akasema, "Wanaume wawili na wembe mmoja, aibu." Pete ikaingia, magurudumu yakazunguka, na ule wimbo wa Kinubi ukatoka, polepole kidogo, yaya akiwa sasa na sauti nzito ya babu. Mke wa Sajenti alicheka hadi akatoa machozi, na marehemu naye alitoa machozi, ingawa yeye alisema ni moshi wa jiko.

Mashine ikarudi kilimani tarehe 18 Februari, ikapigwa mlangoni, ikaingia. Lakini mpira wa tyubu ulilegea kila ulipopata joto, na ikawa lazima ubadilishwe kila baada ya mwanafunzi mmoja, kwa hiyo Mama Rukiah alikata pete za akiba, na Sajenti Marjan alisema atakuja mwenyewe siku ya mtihani kuzibadilisha, kwa sababu vidole vyake vilikwisha kuzoea. Kuhusu ule upole wa mwendo, Dokta Opoka ndiye aliyepata dawa, alisema kwamba mwanzo wa kila tepu atagonga kile kichuma chake cha ncha mbili, ambacho waimbaji hukigonga wapate sauti moja ya kuanzia, na mtahini kule Nairobi, mwenye chake cha namna hiyohiyo, ataipunguza mwendo mashine yake mpaka sauti mbili zilingane. Bwana Onen naye, aliyekuwa amezunguka maduka ya Kampala baada ya saa za kazi akitafuta mpira wa kweli na kukuta rafu zenye kiberiti na vumbi, alizipata tepu mbili mpya kwa rafiki yake, na hatujui mpaka leo alimwambia nini rafiki huyo.

Ndivyo walivyokutana wale tuliowataja mwanzo. Mama Rukiah alileta mashina mabichi ya migomba, akabaki kusikiliza, Mama Akoth na Santa walileta chai na mihogo, wakaambiwa waketi na wasipumue kwa nguvu. Mwanafunzi wa kwanza alipiga, pete ikabadilishwa, wa pili akapiga amadinda, pete ikakatika wakati wa kuivua, ikawekwa nyingine, wa tatu akaimba, na alipomaliza ilionekana kwamba imebaki pete moja, iliyokwisha kutumika mara moja, na aliyebaki ni Apio, mwenye mtihani mrefu kuliko wote, akiwa na piano yenye nyuzi mbili zisizolia, ambazo alikuwa amejifunza kuzikwepa kama mtu anavyoruka dimbwi.

Apio akaanza. Alipofika katikati, marehemu, mwenye kiganja juu ya kifuniko, alihisi magurudumu yanachelewa. Hakusema, maana maiki ilikuwa inasikia, alimtazama tu Sajenti Marjan, na Sajenti akaelewa, akaingiza kidole chake cha shahada ndani ya mashine, akakaza mpira kwa ncha ya kidole, mpira ukizunguka juu ya ngozi yake, naye akakaa hivyo, ameinama, midomo ameibana, mpaka noti ya mwisho. Wimbo ulipokwisha, kabla Dokta Opoka hajainua mkono kuashiria mashine izimwe, mtoto Amito, ambaye tulidhani amelala mgongoni kwa mama yake, alisema kwa sauti kubwa neno moja tu alilolijua, "Tena!" Hakuna aliyecheka mpaka mashine ilipozimwa. Mama Akoth alimfunga Sajenti kidole kwa kipande cha khanga yake, na kidole hicho kina kovu mpaka leo.

Tepu zilikwenda Nairobi, na tarehe 27 Aprili 1974 majibu yakaja kwamba wanafunzi wote wanne wamefaulu, na mtahini aliuliza swali moja, ni nani yule mtahini mwingine aliyeomba wimbo urudiwe. Mwezi Julai idara ikapokea wanafunzi wapya. Apio aliajiriwa mwaka 1975 kuwa msaidizi wa marehemu, na marehemu alimfundisha yote aliyoyajua, pamoja na kuomba.

Mwaka 1976, katika ile miezi ambayo Wakenya wengi walifunga mizigo yao kwa hofu, marehemu alikataa kuondoka, akisema vyombo haviwezi kubaki bila mtu. Mama Rukiah alileta ukindu wake, akaketi mlangoni petu akifuma asubuhi hadi jioni, na aliyekuja kuuliza ni nyumba ya nani alijibiwa kwamba ni ya kaka yake, na kama ana haja nyingine aseme, yeye ana kazi. Hatukumwomba. Hajawahi kulitaja jambo hilo, nasi tunalitaja leo mbele yake.

Marehemu alianza kuugua mwezi Oktoba 1977, miguu ikivimba na pumzi ikimpungukia, madaktari wakasema ni moyo. Alilazwa hospitali ya Mengo mara mbili, na kila aliporudi alipanda kilima kwenda kazini, akipumzika njiani mahali ambapo wauzaji walikwisha kumwekea kigoda. Mara ya tatu alilazwa tarehe 24 Februari 1978, na alifariki dunia Jumanne, tarehe 7 Machi 1978, saa kumi na mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, Mama Akoth akiwa amemshika mkono na Adero akimsomea Zaburi. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na ndugu wengi kule Kimilili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi wa zamu ya usiku aliyemletea mto wa kwake kutoka nyumbani ili aweze kulala ameketi, majirani wote wa Nateete waliopika na kulala nje pamoja nasi, Dokta Opoka, Bwana Onen na wafanyakazi wenzake wote, Mama Rukiah aliyefuma mkeka aliolazwa juu yake, na Sajenti Marjan, aliyeomba ruhusa kazini ili kesho alfajiri aendeshe mwenyewe gari litakalompeleka marehemu mpaka Malaba mpakani, avuke vizuizi vyote salama, ndugu zake wampokee upande wa pili. Kama kuna tuliyemsahau, atusamehe, wema ulikuwa mwingi kuliko kumbukumbu zetu.

Lala sasa, Baba Khisa, upumzike kwa amani ya Bwana, kazi uliyoiacha ina watu.

Siku ile ya Jumanne Dokta Opoka alikuja kumuuliza Mama Akoth kama auahirishe mtihani wa wanafunzi wa mwaka huu, uliokuwa umepangwa kufanyika siku iliyofuata, na Mama Akoth akamwambia, "Watoto wale wamejiandaa, baba. Nendeni mkafanye." Mtihani ulifanyika jana, Jumatano, saa tatu asubuhi, na Apio ndiye aliyerekodi.